Negativu za pasipoti alizoacha mzee: usizianike, usizipeleke kuoshwa, na usiguse dawa ya choo kwanza

"Mwalimu, habari ya kazi. Baba yangu alikuwa na studio ndogo ya picha za pasipoti karibu na River Road, Nairobi, mpaka alipoifunga mwaka 2015. Amefariki mwaka jana. Chini ya kitanda chake nimepata katoni ya mafuta ya kupikia imejaa zile karatasi nyeusi zilizokuwa zikibanduliwa kwenye picha, nadhani mia tatu hivi. Nyuma ni nyeusi tii, mbele zinang'aa kama zimepakwa gundi ya kahawia, na ukiinamisha kwenye mwanga unaona sura za watu, nne nne. Pembeni ameandika tarehe kwa biro. Zingine ni za kiti kitupu tu. Moja ni ya mama, aliyetangulia 2011, na hatuna picha yake nyingine ya miaka hiyo. Kuna pia bahasha yenye sita kubwa za plastiki ngumu, nyeusi-nyeupe, zina michirizi, na pakiti mbili za filamu ya Fuji ambazo hazijafunguliwa. Jirani ameniambia nizianike juani zitokeze. Binamu anasema nizipeleke zioshwe kama filamu ya kawaida. Na nimeona video ya mtu anazipaka dawa ya choo zinageuka kuwa angavu. Nifanye lipi? Naogopa kuharibu ile ya mama."

Pole sana, dada, kwa mzee na kwa mama. Na asante kwa kuuliza kabla ya kushika kitu, kwa maana watu wengi huniandikia wakati beseni tayari limejaa maji meusi.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni moja: kwamba picha ya mama iko humo ndani, imelala, na kuna dawa fulani ya kuiamsha ambayo ukiikosea utaipoteza. Nianze hapo. Picha hiyo haijalala. Iliamka siku ileile mama alipokaa kwenye kiti, ikaiva kwa dakika mbili hivi, ikakamilika. Unachokiona ukiinamisha karatasi kwenye mwanga ndiyo picha yenyewe. Hakuna cha kutokeza. Kazi iliyobaki ni kuisoma, kuinakili, na ikibidi kuisafisha, na kila hatua kati ya hizo ina hatari yake. Ndiyo maana tutaanza na ile isiyogusa kitu.

Kwanza jua ulichonacho mkononi. Mafundi wengi wa pasipoti walitumia kamera ya lenzi nne na filamu ya kubandua. Bonyeza mara moja, lenzi nne zinapiga sura ileile mara nne kwenye karatasi moja. Kisha fundi anavuta kichupo, karatasi inapita kati ya rola mbili za chuma, na rola zinapasua kifuko chembamba chenye ute mzito. Ute unatandazwa kati ya karatasi mbili kama siagi kati ya slesi mbili za mkate. Upande mmoja ni negativu, yaani karatasi iliyopigwa na mwanga na yenye picha ya kugeuka, penye mwanga pakiwa giza; upande wa pili ni karatasi nyeupe inayopokea picha. Mzee anahesabu sekunde, anabandua, anakata nne, mteja anaondoka nazo zote. Ile negativu, yenye ute, huenda kwenye pipa.

Baba yako hakuutupa. Sijui kwa nini, lakini ukifikiria vizuri, wateja wale waliondoka na nakala zote za karatasi, wakazibandika kwenye fomu, na fomu zikaenda zao. Katoni hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya nyuso hizo iliyobaki studioni. Ichukulie hivyo tangu leo.

Ufundi huu wenyewe ni wa Edwin Land, Mmarekani aliyeuonyesha hadharani kwa mara ya kwanza Februari 1947, na kamera ya kwanza ikauzwa Boston mwishoni mwa 1948. Wazo lake ni rahisi kulieleza kwa nyeusi-nyeupe. Negativu ina chembe za chumvi ya fedha. Zilizopigwa na mwanga, dawa iliyo kwenye ute inazigeuza kuwa fedha nyeusi papo hapo na zinakwama pale pale. Zisizopigwa na mwanga zinayeyushwa na dawa nyingine iliyo ndani ya ute huohuo, thiosalfeti, zinasafiri hadi karatasi ya pili, na huko ndiko zinageuka kuwa picha. Kwa hiyo kilichobaki kwenye negativu na kilichohamia kwenye karatasi ni nusu mbili za jambo moja. Penye giza huku, pana mwanga kule.

Za rangi zina tabaka tatu badala ya moja, na kinachosafiri ni rangi zenyewe. Zilizohama zilitengeneza picha ya mteja, zisizohama zilibaki kwenye negativu pamoja na fedha. Hiyo ndiyo sababu uso wa mama unauona, ingawa kwa rangi za kugeuka na chini ya gundi ya kahawia, ambayo ni ule ute uliokauka.

Na ule weusi wa nyuma? Huo si picha hata kidogo. Filamu hii ilitolewa nje ya kamera mchana kweupe ikiwa bado inaiva. Mbele ililindwa na karatasi ya picha, nyuma ilihitaji pazia. Kiwanda kikaipaka koti jeusi. Chini ya koti hilo, kwenye filamu ya rangi ya Fuji iitwayo FP-100C, kuna plastiki angavu kama ya filamu yoyote. Huyo mtu wa kwenye video alikuwa anavua koti hilo.

Sasa niwajibu washauri wako mmoja mmoja.

Jirani anakosea, na ushauri wake ndio wa hatari zaidi kwa sababu unaonekana hauna gharama. Jua halitokezi chochote. Dawa ya kwenye ute iliundwa kutengeneza picha ya karatasi, haikuundwa kuihifadhi negativu kwa miaka. Ukiianika, rangi zinapauka, gundi inakauka kwa kukunjamana na kuvuta utando wa picha pamoja nayo. Ziweke kivulini.

Binamu naye ana nia njema. Lakini mashine ya kuosha filamu za rangi ina dawa ya nyuzi joto 38 hivi, na dawa hiyo kazi yake ni kuivisha filamu ambayo bado haijaiva. Yako imeshaiva. Kitakachotokea ni kwamba gundi itavimba na kung'oka ndani ya mashine, utando wa picha utang'oka nayo, na mwenye duka atapata hasara ya dawa yake yote. Duka lolote linalojua kazi litakukatalia, na litakuwa na haki.

Dawa ya choo nitairudia kwa kirefu, kwa sababu hapo pana ukweli nusu, na nusu nyingine inaweza kukupeleka hospitali.

Kabla ya yote, dada, piga picha. Chukua negativu moja, ile ya kiti kitupu. Iweke juu ya kitambaa cheusi, upande unaong'aa ukitazama juu. Kaa karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, mwanga utoke ubavuni. Kamera au simu nzuri isimame wima juu yake, isishikwe mkononi. Hata rafu ya vitabu na bendi mbili za mpira zinatosha. Gundi inang'aa, kwa hiyo taa ya darini itajiona humo kama kwenye kioo. Izime. Ukibaki na mng'ao, shikilia kadibodi nyeusi juu, toboa tundu la lenzi tu. Ukiwa na skana ya kawaida ya ofisini ni vizuri pia, mradi gundi imekauka kabisa na haigandi kwenye kioo.

Picha utakayopata itakuwa ya kugeuka. Programu yoyote ya kuhariri picha ina kitufe cha kugeuza rangi. Bonyeza, kisha panda na kushuka kwenye nyekundu, kijani na samawati kila moja peke yake mpaka ngozi ifanane na ngozi. Halafu jambo ambalo wengi hulisahau: upande huu wa gundi unaonyesha picha kama kwenye kioo, kulia ni kushoto. Igeuze. Usipogeuza, utamkuta mama amechana nywele upande usio wake na hutajua ni nini kinachokusumbua. Tafuta mtu mwenye shati la vifungo au sare yenye maandishi, utajua mara moja.

Nimeona negativu za namna hii zikitoa sura nzuri kwa njia hiyo peke yake, bila tone la maji. Rangi huwa si kamili, kuna ukungu kidogo, lakini macho, mdomo, kitambaa cha kichwani, vyote vipo. Kwa picha ndogo ya kuweka kwenye fremu mezani, mara nyingi inatosha. Kwa hiyo fanya hivi kwa zote mia tatu. Itakuchukua wikendi mbili au tatu. Nakili na tarehe za biro, zipe namba, weka nakala za faili mahali pawili tofauti. Eneo la picha kwenye kila karatasi ni kama milimita 73 kwa 95. Ukiskani kwa nukta 1200 kwa inchi unapata faili ya pikseli karibu 3,400 kwa 4,500, na hata ukigawa kwa nyuso nne, kila uso unabaki na wa kutosha.

Hapo ndipo unaweza kuuliza kama kuna haja ya kuvua koti. Faida yake ni ya kweli. Koti likitoka na gundi ikisafishwa, mwanga unapita katikati ya negativu badala ya kurudi juu yake, na unaona undani ambao hata picha ya karatasi haikuwa nao: mikunjo ya nguo nyeusi, nywele moja moja. Hasara yake pia ni ya kweli. Kinachoyeyusha koti ni bliichi, haipokloriti ya sodiamu, na bliichi hiyohiyo inayeyusha gelatini inayoshika picha. Kati ya koti na picha kuna plastiki nyembamba tu. Tone likizunguka ukingo, limekwisha.

Mimi limenipata. Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikisafisha negativu ya rafiki yangu kwenye sinki la jikoni. Tepu ya kona moja haikuwa imekamata. Niligeuka kufunga bomba, nikarudi, na sikio la mama yake na nusu ya leso vilikuwa vimegeuka kuwa plastiki tupu. Sekunde ngapi, sikuhesabu. Nilimwambia ukweli siku hiyo hiyo, na tangu hapo sijawahi kumsafishia mtu negativu ambayo haijaskaniwa kwanza.

Sasa kuhusu dawa ya choo. Kwenye video nyingi za nje, mtu anatumia jeli ya choo yenye bliichi ndani yake. Hiyo hufanya kazi kwa sababu ni nzito, haitiririki. Lakini dawa nyingi za choo zinazouzwa kwenye maduka yetu hazina bliichi, zina asidi, na lebo inasema hivyo: asidi ya haidrokloriki. Ukiipaka, koti halitatoka. Utasema labda niongeze Jik, ile bliichi ya kufulia. Hapo ndipo usithubutu, dada. Bliichi ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na kwenye bafu la ploti lenye dirisha la ukubwa wa daftari, gesi hiyo inaharibu mapafu. Siki vilevile usichanganye. Wala dawa yoyote ya kusafishia yenye amonia. Bliichi peke yake, chombo safi, dirisha na mlango wazi, glavu mkononi, miwani machoni, watoto nje. Glavu hizo uvae tangu mwanzo, kwa sababu gundi kwenye negativu nayo ni ya kemikali kali ya alkali, na hata ikiwa kavu, ikilowa inauma ngozi.

Ukiamua kujaribu, nenda kwa fundi wa vioo akukatie kipande cha sentimita 20 kwa 30, alainishe kingo. Iweke negativu juu ya kioo, picha ikitazama kioo, koti jeusi juu. Bandika tepu isiyopitisha maji pande zote nne, ikamate milimita nne au tano za negativu, na usugue kingo kwa ukucha kuzunguka mara mbili. Kona ndizo adui. Kisha usimwage bliichi, paka. Brashi laini ya kuchorea, bliichi kidogo, ukipata ile nzito ni bora zaidi. Sambaza katikati kuelekea pembeni lakini usifike kwenye tepu. Baada ya muda mfupi weusi unaanza kutoka kama masizi kwenye sufuria. Usitazame saa, tazama weusi. Futa kwa sponji laini yenye maji, paka tena. Kawaida mara mbili au tatu plastiki inabaki angavu. Suuza upande huo kwa maji mengi ya baridi, kwa muda, ukiwa bado hujafungua tepu. Vipande vya koti vilivyobaki chini ya tepu viache, vitakatwa kwenye picha.

Ukishafungua tepu ndipo unageukia upande wa picha. Bafu la maji ya vuguvugu kidogo, si ya moto. Gundi itavimba na kuteleza kama ute wa bamia. Isukume kwa ncha za vidole, bila kucha, bila sponji, maana chini yake utando wa picha wakati huo ni laini kama ugozi wa maziwa yaliyopoa. Kila ukisikia kidole kinakwama, acha, ongeza maji, subiri. Ikishakuwa haina utelezi, suuza mara ya mwisho kwa maji yasiyo na chumvi. Maji ya kisima katika mitaa mingi ya Nairobi yana chumvi, na yakikauka yanaacha madoa meupe ambayo hayatoki. Ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli yanafaa, lakini soma chupa mara mbili: unataka maji safi ya kuongezea betri, hutaki asidi ya betri. Tone moja dogo la sabuni ya vyombo isiyo na rangi kwenye lita nzima husaidia maji kuteleza bila kuacha matone. Ining'inize kwa kibanio cha nguo kwenye kona, bafuni, mahali pasipo na vumbi wala upepo, usiku mzima. Julai, baridi ikiwa kali, acha hata siku mbili.

Nimeeleza yote haya ili ujue kazi ilivyo. Ushauri wangu juu ya ile ya mama ni tofauti: usiiguse. Iskani kwa njia ya kwanza, mara kadhaa, kwa mwanga tofauti. Jizoeze kuvua koti kwenye za kiti kitupu, si moja, kumi. Ukiweza kufanya tano mfululizo bila doa, na kama bado unaona picha ya skani ya mama haikutoshi, ndipo tuzungumze. Kwa maoni yangu, uwezekano mkubwa ni kwamba itakutosha.

Kuna ambazo hazifai kuloweshwa kabisa. Tazama kila moja kwa kioo cha kukuzia kabla ya lolote. Ukiona utando mweupe au vidoa vya kijivu vya manyoya, hiyo ni kuvu, na katoni ya chini ya kitanda baada ya misimu mingi ya mvua za masika na vuli haikosi. Kuvu hula gelatini na kuifanya iyeyuke kwa maji tu. Ukiitia kwenye beseni, picha inaondoka na maji. Zitenge kwenye bahasha zao, usizipulize wala kuzipangusa ndani ya nyumba, ziskani zikiwa kavu. Zilizoshikana mbili mbili usizivute. Na hata usizilaze kwenye maji kama watu wanavyofanya na stempu.

Angalia pia kama zipo zenye mgongo wa karatasi. Fuji walikuwa na nyingine ya nyeusi-nyeupe, FP-3000B, iliyosimamishwa 2013, na negativu yake ni ya karatasi isiyopitisha mwanga. Huna koti la kuvua pale. Bliichi itakuachia uji wa karatasi. Hizo skani tu, na huwa zinatoka vizuri kupita unavyotarajia.

Nije kwenye bahasha, ambayo kwa kweli ndiyo imenifanya nisimame nilipoisoma barua yako. Plastiki ngumu, nyeusi-nyeupe, kubwa. Pima. Zikiwa takriban sentimita 10 kwa 12.5, na pembeni kuna alama kama za wavu au chujio zilizochapwa kuzunguka picha, basi mkononi una Type 55, filamu ya kubandua ya Polaroid, kampuni ya yule Edwin Land. Hiyo ilitoka 1961 na ilikuwa ya pekee kwa sababu kiwanda kilikusudia uhifadhi vyote viwili, karatasi na negativu. Haina koti la kuvua kwa bliichi. Ilikuwa inahitaji kitu kimoja baada ya kubanduliwa: bafu la salfaiti ya sodiamu ya asilimia 18, yaani gramu 220 kwa lita moja ya maji, ili mabaki ya ute na rangi yaondoke, halafu kusuuzwa kwa dakika tano na kukaushwa. Michirizi unayoiona huenda ni kwa sababu bafu hilo halikufanywa, au lilifanywa kwa haraka na suuzo likakatishwa.

Hata baada ya miaka, bafu hilo bado linaweza kusaidia, ingawa ute uliokauka muda mrefu hautoki wote. Salfaiti hupatikana kwenye maduka ya kemikali, ukienda Industrial Area utaipata kwa kilo. Hapa majina yatakuchanganya, kwa hiyo andika kwenye karatasi umwonyeshe muuzaji: sodiamu salfaiti. Salfeti si hiyo, haitafanya kitu. Metabisalfaiti ya kuhifadhia vyakula si hiyo, ni ya asidi. Salfaidi si hiyo kabisa, ni sumu. Ukishaipata, yeyusha kwa maji ya vuguvugu, acha ipoe hadi joto la chumba, na uanze na ile yenye picha isiyo na maana kubwa kwako. Lakini skani zote sita kwanza. Type 55 ina plastiki angavu, kwa hiyo unaweza kuzipiga picha juu ya skrini ya tableti iliyowashwa ukurasa mweupe, ukiinua negativu sentimita mbili tatu juu ya skrini ili vinukta vya skrini visionekane.

Kuhusu pakiti mbili zilizofungwa, sitakuchosha. Fuji walitangaza mwisho wa FP-100C mwaka 2016, na Polaroid walikuwa wameshatangaza kuacha zao 2008. Tazama tarehe kwenye boksi, ziweke ndani ya friji, sehemu ya chini, kwenye mfuko usiopitisha unyevu, usizigandishe. Bado zinaweza kupiga, lakini ute ndani ya vifuko hukauka na miaka, kwa hiyo utapata picha zenye pembe tupu. Ukitaka kujifunza kuvua koti kwa negativu mbichi, pakiti moja ni shule nzuri. Ukibandua, usiitupe negativu. Ilaze kivulini, ute ukitazama juu, ikauke kabisa kabla ya kuigusa.

Ni wakati gani uache kazi ya nyumbani umpelekee mtu ana kwa ana? Zilizoshikana, zenye kuvu, zilizovimba utando kama malengelenge, na ile ya mama kama utaamua kuisafisha. Nenda Kenya National Archives pale Moi Avenue, au Makumbusho ya Taifa, uulize watu wa uhifadhi wa karatasi na picha. Nenda na mbili tatu tu ndani ya bahasha, usibebe katoni nzima kwenye matatu. Wakikuambia usifanye kitu, wasikilize. Na ukikohoa au macho yakiwasha wakati wa kazi ya bliichi, toka nje kwenye hewa kwanza, na usipopata nafuu nenda hospitali, usimalizie "hii moja".

Neno moja kuhusu nyuso za wengine. Wale si wako, ni wateja wa mzee, na wengi wako hai hapa hapa mjini. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 iwepo, picha ya uso wa mtu pamoja na tarehe na jina si kitu cha kuweka mtandaoni kwa kupenda. Zihifadhi, zipange, na mtu akija kuulizia ya kwao, mpe. Lakini usizitandaze.

Za kuweka: toa kwenye katoni, kila moja kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, zisimame wima ndani ya boksi, kwenye kabati la ukuta wa ndani usiopigwa na mvua. Mifuko ya plastiki laini yenye harufu usitumie, inatoa mafuta na kuganda kwenye picha.

Jumamosi hii usinunue chochote. Tafuta kitambaa cheusi, kaa dirishani, na uanze na ya kiti kitupu. Rangi za ukuta wa nyuma unazikumbuka, nadhani. Ukutani kwa mzee palikuwa samawati au nyeupe? Ukishageuza rangi na ukuta ukatoka vile unavyoukumbuka, andika namba ulizotumia kwa nyekundu, kijani na samawati kwenye daftari. Ndizo utakazoanzia ukifika kwa mama.